Mjumbe wa Kumi na Sita

Kufikia saa tano asubuhi Mheshimiwa Kivuva alikuwa ametazama saa yake mara nyingi kuliko alivyolitazama jeneza, na watu walikuwa wameanza kuliona hilo. Alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, chini ya hema la kukodi, goti lake la kulia likicheza kama la fundi cherehani. Mkono mmoja ulishika ratiba ya mazishi. Mwingine ulikuwa mfukoni, umeshika simu iliyotetemeka kila baada ya dakika mbili.

Kwenye ratiba yeye alikuwa wa mwisho. Baada ya familia, baada ya ukoo, baada ya kina mama, baada ya mahubiri, ndipo lilipoandikwa jina lake. Na chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: atatia udongo baada ya watoto. Hiyo haikuwa heshima ya kisiasa. Marehemu mwenyewe, mama Kalekye, ndiye aliyeagiza hivyo akiwa bado na pumzi ya kuagiza.

Mambo yangekuwa mepesi kama Alhamisi ile ingekuwa ya mazishi tu. Lakini saa nane na nusu mchana, huko mjini, bunge la kaunti lilikuwa linaketi kwa mara ya mwisho kabla ya likizo ndefu ya Desemba, na katika shughuli za siku hiyo kulikuwa na hoja ya Kivuva: daraja la waendao kwa miguu juu ya mto Kyanzou. Ikipita leo, daraja linaingia kwenye bajeti ya nyongeza. Isipopita, linangoja mwaka mwingine wa fedha, na mvua ya Machi haijawahi kuuliza mwaka wa fedha unaanza lini.

Na mama Kalekye alikuwa amekufa kwa kukosa daraja hilo. Usidhani nasema kwa mafumbo. Alibanwa na kifua asubuhi moja ya Novemba, mto umefurika, gari la wagonjwa likaja kutoka Matiliku likasimama ng'ambo. Wakambeba kwenye kiti cha plastiki, kama hicho hicho alichokikalia Kivuva, wakamweka ukingoni, wakangoja maji yapungue. Walingoja saa tatu. Dereva alikuwa akiwapungia mkono kutoka upande wa pili, kuwaonyesha kwamba bado yupo. Maji yaliposhuka yakafika magotini, hakukuwa tena na haraka yoyote.

Kivuva hakuzaliwa mheshimiwa. Alikuwa fundi wa mawe, na huko Matiliku bado kuna matangi ya maji yanayoitwa kwa jina lake. Mwakilishi wadi aliyemtangulia alikuwa mtu wa suti na Kiingereza, mtu wa kuonekana kwenye televisheni akipinga hiki na kudai kile, lakini ukifiwa unaletewa shada la maua na dereva wake. Watu wakachoka naye. Mama Kalekye, mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha majirani wanaochimbiana matuta kwa zamu, ndiye aliyesimama mkutanoni akasema: "Mimi sijui siasa. Lakini huyu fundi Kivuva ukimwita anakuja. Tupeleke huyo." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sera yote ya Kivuva, neno moja: anakuja. Lilimpa kura mara ya kwanza, likampa mara ya pili bila hata kuongezwa chumvi.

Naye akaja kwelikweli. Akaja mazishini, harusini, kwenye harambee za paa za makanisa, kwenye kesi za mipaka. Mbuzi wa mtu akizaa mapacha, ungedhani Kivuva naye amealikwa. Jumamosi zake zilipojaa, watu wakaanza kuzika Ijumaa. Ijumaa nazo zilipojaa, wakasogea Alhamisi, hata Jumatano, wakijua mheshimiwa hakosi. Bunge nalo linaketi Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Hakuna aliyekaa chini akaweka siku hizi na zile sambamba akazilinganisha, Kivuva akiwa wa kwanza kutofanya hivyo.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa amepokea barua ya Ndila, karani wa bunge, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Barua ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba Mheshimiwa amekosa vikao saba bila ruhusa ya maandishi ya Spika. Ya pili ilimkumbusha kwamba vikifika vinane, kiti kinakuwa wazi.

Ile barua ilimtia jasho, lakini siyo iliyokuwa inamla. Kilichomla ni hiki: hoja ya daraja ilikuwa imeshaanguka mara mbili, kwa sababu mwenye hoja akiitwa na asionekane, hoja inaondolewa. Mara ya kwanza alikuwa kwenye harambee ya paa. Mara ya pili alikuwa papa hapa, boma hili hili, wakimzika shemeji yake mama Kalekye, na mama Kalekye mwenyewe akampakulia wali mpaka sahani ikalemewa.

"Ile daraja umeisema?" mama alimwuliza siku hiyo, akimwongezea nyama.

"Iko kwa karatasi, mwaitu," akajibu Kivuva. Mwaitu ni mama. Alimwita hivyo tangu enzi za mwiko na saruji.

Na ilikuwa kweli. Daraja lilikuwa kwenye karatasi za bunge saa ile ile, ila bungeni hakukuwa na Kivuva. Mama akatikisa kichwa akasema, "Hao maadui yako kule ni wengi," na Kivuva akamwacha aamini hivyo. Aliona aibu, na ule wali ulikuwa mtamu. Mama wa watu amekwenda kaburini akiamini daraja limezuiwa na maadui.

Saa sita kasorobo ratiba ilikuwa bado kwenye picha. Walikuwa wamechelewa kuanza, maana gari la maiti lilikwama ng'ambo na ikabidi jeneza livushwe mabegani. Sasa Mzee Mwau, mkubwa wa ukoo na mshika kipaza sauti, alikuwa akiita makundi yapigwe picha na marehemu: watoto, wajukuu, wakwe, mwethya, kwaya, hadi wale waliosoma naye darasa la ngumbaru. Kivuva aliinuka, akaenda akainama sikioni mwake.

"Mzee, naomba niongee saa hii. Niko na bunge saa nane."

Mwau akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Bunge itakuwa hata kesho. Kalekye kesho atakuwa?"

"Kesho imefungwa, mzee. Ni mpaka Februari."

"Sasa wewe unataka kuongea mbele ya watoto wake? Mbele ya neno la Mungu?" Mzee hakukasirika; alimhurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mheshimiwa, keti. Watu watasema ulikuja kuhesabu hema."

Kivuva akaketi. Akainuka tena. Akazunguka nyuma ya hema, penye sufuria za pilau na moshi, akatembea huku, akatembea kule, akakanyaga lundo la majivu. Fikra zilikuwa zikimpiga huku na huku. Akikaa, hoja inaanguka mara ya tatu na kiti kinakwenda nayo. Akiondoka, anamtupa mtu aliyemfanya mtu, mbele ya macho ya kijiji kizima. Hapo ndipo alipopata wazo, na kwa kweli lilionekana zuri. Akampigia Ben Kisilu, mwakilishi wa wadi ya jirani, rafiki yake, mwenye ulimi wa kuwachekesha wafiwa na kuwarudisha tena kwenye machozi bila wao kujua wamepitia wapi.

"Ben, uko wapi?"

"Matiliku hapa, naweka tairi hewa. Naenda bunge. Wewe je?"

"Niko kwa mama Kalekye. Ben, niokoe. Kuja ukae kwa kiti yangu, uongee kwa jina yangu, utie ule udongo. Mimi nikimbie kwa hiyo hoja."

Kwa mbali ilisikika mashine ya hewa. "Na kule watu watatosha? Unajua leo ni Alhamisi, tena ya kufunga."

"Watu hawakosi, Ben. Mimi nimekosa mara saba na bunge haijawahi kulala njaa."

Ben akacheka. "Haya basi. Na nikisimama niseme nini?"

"Sema ukweli. Sema nimeenda kupitisha daraja yake."

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kivuva, akirudisha simu mfukoni, aliona kwamba wahenga hawakuwa na simu, wala rafiki mwenye gari.

Ben alifika saa saba kasorobo, viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Kivuva akamkalisha kwenye kiti chake, kisha akaenda akachuchumaa mbele ya Mbinya, binti mkubwa wa marehemu, mwenye duka la dawa za mifugo kule Kikima. Mbinya alikuwa amekaa wima, leso imekunjwa mkononi, kavu.

"Mbinya, naenda. Mheshimiwa Ben atabaki kwa niaba yangu."

Akamtazama. "Mama alitaja wewe. Hakutaja Mheshimiwa Ben."

"Naenda kumaliza kazi yake. Hiyo daraja inasomwa leo."

Mbinya alifikiri. Alikuwa mtu wa kupima vitu, vidonge na dawa za kuogesha ng'ombe, na sasa alikuwa akimpima yeye. "Enda basi," akasema. "Lakini urudi na daraja. Usirudi na karatasi."

Kuondoka mazishini kabla ya udongo ni kazi, hata kwa mtu asiye na cheo. Kwa mwenye cheo, kila hatua ina mashahidi wake. Kivuva alipita kati ya viti kichwa kimeinama, na karibu na mlango wa hema akamsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, wala hakujisumbua kushusha sauti: "Huyu naye amekuwa kama yule." Yule wa shada. Maneno hayo yalimchoma kuliko barua ya karani. Alitaka kurudi amweleze, lakini saa ilikuwa mkononi inamwangalia.

Akavuka mto akiwa na soksi. Akaendesha gari kama mtu anayefukuzwa, nyuma ya lori la mchanga lililokataa kumpisha, akipiga honi, akisali, akitukana, kisha akisali tena kuomba msamaha wa matusi. Njiani alikariri hotuba yake kwa sauti. Hakuwahi kuikariri hotuba yoyote. Mazishini hulazimiki kukariri, marehemu anakusaidia. Lakini hii alitaka iwe safi: kiti cha plastiki, saa tatu, dereva akipunga mkono. Alijiambia kwamba akishawasimulia hayo hakuna mjumbe atakayepinga, na hapo alikuwa sahihi kabisa.

Saa nane na dakika ishirini na tano aliingia ukumbini, akiacha nyayo za tope kwenye zulia jekundu. Akaketi. Akaiweka hotuba mbele yake, akailaza sawasawa kwa kiganja. Amefika! Baada ya mara saba, na baada ya yote, amefika kwa wakati. Spika aliingia, dua ikasomwa, na Kivuva akasema amina kwa sauti iliyowafanya wawili watatu wageuke.

Kisha Spika alinyoosha shingo akaanza kuhesabu kwa kidole, upande huu, upande ule, akarudia. Akainama kuongea na Ndila aliyekuwa mezani chini yake. Ndila naye akahesabu, na yeye huwa hakosei.

"Waheshimiwa," akasema Spika, "akidi ni wajumbe kumi na sita. Tuko kumi na tano. Kengele ilie dakika kumi."

Kengele ikaanza kulia, na Kivuva alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Alikimbia hadi mkahawani: wahudumu na kuku wa kukaanga. Alikimbia hadi maegesho: madereva wamelala. Akapiga simu huku anatembea, huku anapanda ngazi, huku anazishuka tena.

"Niko kwa mazishi hapa Kikima," wa kwanza akamwambia.

"Mheshimiwa, ongea polepole, tuko kwa maombi," akanong'ona wa pili, na nyuma yake kwaya ikaendelea.

Wa tatu hata hakushika. Alituma ujumbe: *kaburini*. Kivuva alisimama katikati ya korido akiwa na simu mkononi, akayaona maisha yake yote ya kisiasa yakimjibu kwa sauti za watu wengine. Wote walikuwa wameenda. Wote ni watu wa kuja. Kaunti nzima ilikuwa imechagua watu ambao ukiwaita wanakuja, na leo walikuwa wamekuja, kila mmoja kwenye hema lake.

Akarudi mezani kwa Ndila anahema. "Mama, hakuna hata mmoja yuko njiani? Hata mmoja tu!"

Ndila alivaa miwani, akaivuta karatasi yake. "Mimi pia nashangaa. Asubuhi nilikuwa na kumi na sita kamili, nimewapigia mmoja mmoja, na wewe ukiwa ndani." Kidole chake kikashuka taratibu kwenye majina, kikasimama. "Ni Mheshimiwa Ben. Aliniambia yuko Matiliku, anaweka tairi hewa, anakuja. Sijui amepotelea wapi."

Kengele ilikuwa bado inalia. Kivuva alimpigia Ben mara mbili, na mara zote mbili simu ikaita mpaka ikakata, kwa sababu saa ile Ben alikuwa amesimama kando ya kaburi na kipaza sauti mkononi, akifanya vizuri sana kazi aliyotumwa.

Kengele ikanyamaza. Spika akahesabu tena, kwa sababu ni sheria, si kwa sababu ya matumaini. Akasema maneno ya kuahirisha hadi Februari. Askari wa bunge akalichukua rungu la heshima begani, wajumbe kumi na wanne wakainuka wakiulizana habari za Krismasi. Kivuva alibaki ameketi na hotuba yake. Laiti angemwacha Ben aje zake! Laiti angemwambia Mzee Mwau nisamehe, akaondoka peke yake na lawama zake, akatukanwa na kijiji kizima! Wangekuwa kumi na sita, na saa hii daraja lingekuwa limepita. Lakini alitaka kupendwa mtoni na bungeni kwa siku moja.

Ndila alipita karibu naye, akasimama. Alikuwa na moyo mzuri, na alidhani anamfariji.

"Mheshimiwa, angalau jambo moja. Bunge halikuketi, kwa hivyo leo haihesabiwi. Bado uko saba."

Kiti chake kilikuwa salama. Kivuva alimshukuru, akatoka nje, akasimama juani, na hapo akaichukia nafsi yake kwa jinsi kifua kilivyopata nafuu kidogo aliposikia hivyo.

Simu ikatetemeka. Ben.

"Mheshimiwa!" Ben alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka jukwaani. "Nimekuongelea mpaka wamelia na wakacheka. Udongo nimetia. Nimewaambia saa hii tunavyoongea daraja inapita. Wacha kina mama waimbe! Wamesema hawaendi nyumbani, wanakungojea kwa mto."

"Ben."

"Eeh?"

"Tulikuwa kumi na tano."

Ben alikuwa mjumbe wa miaka mingi, hakuhitaji kufafanuliwa. Nyuma yake nyimbo zilikuwa bado zinasikika, vigelegele, ngoma ya debe. "Ngai," akamwita Mungu kwa Kikamba. Kisha: "Sikiza. Waambie tu Spika ameahirisha. Si ni kweli? Hiyo si uongo."

Ilikuwa kweli. Kivuva aliibeba kweli hiyo njia nzima ya kurudi, akiigeuza upande huu na ule kama fundi anavyogeuza jiwe kutafuta uso wa kuliweka. Spika ameahirisha. Iko kwa karatasi. Maadui ni wengi. Yalikuwa mawe mazuri, yamechongwa tayari, na ukuta mzima alikuwa ameshaujenga kwa mawe kama hayo. Alisimamisha gari mara mbili, akatoka nje, akazunguka gari, akaingia tena. Mara ya pili alifikiria kugeuza aende nyumbani, azime simu, apone mpaka asubuhi. Hakugeuza, na mpaka leo hawezi kukuambia kwa nini. Labda ni ile tabia tu ya kwenda anakoitwa.

Saa kumi na moja jioni alifika mtoni. Kina mama wa mwethya walikuwa ng'ambo, zaidi ya ishirini, bado na leso za mazishi. Walipoliona gari wakapaza wimbo. Kivuva akashuka. Walingoja ainue mkono. Hakuuinua, na wimbo ukapungua sauti baada ya sauti, mpaka ikabaki ile ya maji.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Mto aliouvuka na soksi mchana sasa ulikuwa wa mapaja, mwekundu, una nguvu. Alivua viatu akavifunga shingoni kwa kamba zake, akaingia. Katikati, mguu ukateleza, akayumba, akasimama asiweze kwenda mbele wala nyuma. Watu wa Kyanzou hawapigi kelele mtu akikwama. Wanashikana mikono, mmoja anabaki ukingoni ameshika mti, wengine wanaingia mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho anamfikia. Wa mwisho alikuwa Mbinya. Alimshika kiganja, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo wa kaburi.

"Umekuja nayo?" akauliza.

Maji yalikuwa yanawasukuma wote wawili. Angeweza kusema tuvuke kwanza. Angeweza kusema Spika.

"Sijakuja nayo," akasema Kivuva. "Ilikosa mtu mmoja. Na huyo mtu ni mimi nilimwita akuje hapa kunishikia kiti."

Mbinya aligeuza kichwa akawatazama wenzake kwenye mnyororo, kisha akamrudia.

"Na zile mara mbili," Kivuva aliendelea, kwa sababu akinyamaza sasa hatarudia tena kusema, "hakukuwa na maadui. Mimi ndiye sikuwa. Hiyo ya pili, mlikuwa mnazika baba yenu mdogo. Nilikuwa kwenu, nakula."

"Mama ndiye alikupakulia."

"Ndiye."

Vidole vya Mbinya vililegea. Kivuva alivihisi vikilegea, na akaona ni haki. Halafu vikakaza tena, vikamvuta kwa nguvu, na mnyororo mzima ukavuta, wakamtoa hadi ukingoni amelowa, akikohoa. Wale wa nyuma hawakuwa wamesikia. Mbinya akawaambia, kwa Kikamba, kwa sentensi chache, bila kuongeza wala kupunguza, kama anayesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Hakuna aliyemtukana. Kivuva alikuwa amejiandaa kwa matusi, na yalipokosekana hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Naweza kuenda kwa kaburi?" aliuliza. "Nitie ule udongo."

"Kwenda unaweza," akasema Mbinya. "Lakini udongo wako ulishatiwa. Mheshimiwa Ben alitia, akataja jina yako."

Kina mama walianza kuondoka, wawili wawili, wakikamua leso zao. Mmoja wao, mzee, aliyechimba matuta na Kalekye miaka thelathini, alisimama mbele yake. "Ulikuwa unakuja," akamwambia. "Ni sisi tulisema hiyo inatosha." Akaenda zake.

Akabaki Mbinya. Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa shati, mahali pekee palipobaki pakavu, na wote wawili wakajua ni mtu anayemwita mahali. Kivuva hakuitoa.

"Mheshimiwa," akasema Mbinya. "Mimi nikifa siku ya bunge, usikuje."

Katika nchi ile hakuna neno zito kuliko hilo. Watu wamekatana undugu kwa maneno mepesi zaidi. Lakini Mbinya hakulisema kwa hasira. Alikuwa amesimama palepale kilipowekwa kile kiti cha plastiki, anamtazama usoni, anangoja jibu.

"Sitakuja," akasema Kivuva.

Mbinya akaitikia kwa kichwa, akajifunga leso yake upya, akapanda njia ya kwenda kwao.